UZI: "Fungueni mlima!" Historia fupi ya utalii, msitu na maji ya Mlima Kenya na Nyandarua

1/ Msimu wa siasa ukianza, kuna hoja moja haikosi kwenye mikutano ya eneo la mlima. Mmoja anashika maikrofoni na kusema: "Tutafungua mlima, tulete hoteli, barabara na wageni, vijana wapate kazi." Mwingine anajibu: "Msitu usiguswe, hiyo ndiyo chemchemi ya nchi nzima." Wafuasi wanagawanyika, matusi yanaanza, na baada ya siku tatu tumehamia jambo lingine. Kwa uzi huu sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tuangalie historia, kwa sababu mjadala huu umeanza kabla babu zetu hawajazaliwa na majibu mengine tayari tunayo. Ni mrefu, chukua chai.

2/ Tukubaliane kwanza tunaongea kuhusu wapi. Kenya ina milima na misitu mitano inayotajwa kama minara ya maji: Mlima Kenya, Nyandarua (Aberdare), Mau, Elgon na Cherangany. Nitashikilia hiyo miwili ya kwanza. Mto Tana unapata maji yake mengi huko, na Tana ndiyo inazungusha mitambo ya stima ya Seven Forks, kuanzia Kindaruma ya 1968 hadi Kiambere ya 1988. Nairobi nayo inakunywa maji ya Nyandarua kupitia Sasumua na Ndakaini. Kwa hivyo hata kama wewe ni wa Kayole na hujawahi kuona ndovu, bado uko ndani ya hii stori.

3/ Kabla ya neno utalii kufika, mlima ulikuwa na majina na kanuni zake. Wakikuyu waliuita Kirinyaga, Wakamba Kiinyaa, na ni huko jina la nchi yetu lilikotoka. Watu waliomba wakiuelekea. Mugumo haukukatwa ovyo. Si ati hapakuwa na matumizi: watu walipasua misitu wakifungua mashamba, waliweka mizinga ya nyuki, walitoa dawa, mianzi na malisho. Lakini walioamua ni wale walioishi chini ya mlima, na waliokula hasara ni hao hao. Shika hilo, tutalirudia.

4/ Mwaka 1849 mmishonari Krapf aliuona mlima akiwa Kitui, akaandika kwamba una theluji. Wasomi wa Ulaya walimcheka: theluji kwenye Ikweta? Nusu karne baadaye, 1899, Mackinder akafika kilele cha Batian akiwa na Ollier na Brocherel. Msafara wake ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, waongozaji 2 wa Kimaasai na Wakikuyu 96. Walipita wakati wa njaa kubwa iliyokausha eneo lote, na chakula kilikuwa shida tupu. Vitabu vinakumbuka watu watatu waliofika kileleni. Waliobeba mizigo hawatajwi majina.

5/ Mpangilio huo haukuisha mwaka huo. Mmoja anapanda, wengi wanabeba. Hata vilele vyenyewe, Batian, Nelion na Lenana, vimepewa majina ya viongozi wa Kimaasai, lakini aliyevipa ni mgeni. Sisemi hivi ili tuchukie wageni. Nasema ili ujue kwamba swali la "nani anafaidika na huu mlima" halikubuniwa na mwanasiasa wa juzi. Lilikuwepo tangu mgeni wa kwanza alipokodi mpagazi wa kwanza.

6/ Idara ya Misitu ya serikali ya kikoloni ilianzishwa 1902. Mistari ikachorwa kwenye ramani, na msitu ambao ulikuwa wa ukoo fulani au kijiji fulani ukawa wa serikali. Kusudi halikuwa kuhifadhi kwa ajili ya ndege na vipepeo. Reli ilitaka kuni, walowezi walitaka mbao. Ndipo ukaja ule mfumo wa shamba: familia inapewa kipande ndani ya msitu, inapanda mahindi na viazi katikati ya miche ya saipresi na paini, inatunza miche, kisha miti ikikua inahamishwa. Serikali ilipata msitu wa mbao kwa kazi ya bei rahisi. Familia ilipata chakula, lakini haikupata ardhi.

7/ Mwaka 1932 ndipo biashara ya kitalii tunayoijua ikaanza kule Nyandarua. Sherbrooke Walker, aliyekuwa na hoteli ya Outspan mjini Nyeri, alijenga kibanda juu ya mti wa mugumo, wageni wakeshe wakitazama ndovu na vifaru wakija kunywa maji na kulamba chumvi. Hiyo ndiyo Treetops. Februari 1952 binti wa mfalme wa Uingereza alilala pale, na usiku huo huo baba yake akafariki, kwa hivyo alishuka akiwa malkia. Dunia nzima ikasikia jina la Nyeri. Angalia tu mti uliochaguliwa: mugumo, ule ule ambao watu wa chini waliuheshimu.

8/ Sasa weka tarehe hizi pamoja. Mbuga ya Taifa ya Mlima Kenya ilitangazwa 1949. Ya Aberdare 1950. Hali ya hatari ikatangazwa Oktoba 1952. Mwaka 1953 misitu hiyo miwili ikafanywa eneo la marufuku, na ukipatikana ndani unapigwa risasi. Ndege zikamwaga mabomu. Watu wakalazimishwa kuchimba handaki kando ya msitu na kulijaza miti iliyochongwa ncha, ili wapiganaji wasipate chakula. Mwaka 1954 Treetops ikachomwa. Ilijengwa upya 1957, kubwa kuliko ile ya kwanza.

9/ Kwa hivyo mzee wa Nyeri au wa Embu akisikia "msitu umefungwa kwa faida yenu", hasikii jambo la mazingira peke yake. Anasikia handaki. Wanaharakati wa mazingira wa Nairobi wengi hawaelewi hili, wanashangaa mbona wananchi wanapigia makofi mtu anayesema "fungueni". Na wanasiasa wanaelewa vizuri sana, ndiyo maana wanatumia lugha hiyo. Hoja ya "mbuga ni ukoloni" ina mizizi ya kweli. Kama unataka kuijibu, anza kwa kukubali hivyo.

10/ Lakini mizizi ya kweli haimaanishi tunda ni tamu. Usiku wa Uhuru 1963, Kisoi Munyao alipeleka bendera yetu juu ya Mlima Kenya. Picha nzuri, historia nzuri. Sasa mlima ukawa wetu. Tukafanya nini nao? Loji zikaongezeka. Safari Club ya Nanyuki ilikuwepo tangu 1959, nyingine zikafuata. Watu wa vijijini walipata kazi za jikoni, ulinzi, kubeba mizigo na kuongoza wageni, na hizo ni kazi halisi, zimesomesha watoto wengi. Ila pesa za kiingilio zilielekea Nairobi, na ndovu akivunja shamba usiku, hasara ilibaki kijijini.

11/ Na utalii wenyewe si malaika. Rudi Treetops. Walioenda miaka ya 1930 walikuta msitu mnene kuzunguka lile bwawa. Picha za miaka ya baadaye zinaonyesha uwanja mtupu. Nini kilitokea? Ukiweka chumvi na maji mahali pamoja kila siku ili wageni waone wanyama, wanyama watakuja wengi, na watakaa. Ndovu anavunja matawi, anachuna maganda, anakanyaga miche. Pole pole miti iliyomleta mgeni inaisha. Hakuna mtu mbaya hapo. Ni hesabu tu: kivutio kikitumika bila mpaka, kinajila.

12/ Miaka ya 1980 na 1990 ndiyo iliyotuumiza zaidi, na hapo utalii haukuwa mshtakiwa mkuu. Mfumo wa shamba ulipigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1980, ukarudi, ukachezewa. Mwaka 1986 ukaja mpango wa Nyayo wa kupanda ukanda wa chai kando ya misitu ili kuzuia watu wasiingie. Mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori (KWS) likarusha ndege juu ya Mlima Kenya kuhesabu uharibifu. Walichokiona kilitisha: matanuru ya mkaa, mashamba ya bangi ndani kabisa ya msitu, na miti mikubwa ya asili kama muthaiti imekatwa na kupasuliwa mbao pale pale.

13/ Hebu fikiria kidogo. Mama anayebeba mzigo wa kuni mgongoni hawezi kutoa gogo la muthaiti msituni. Gogo hilo linahitaji msumeno wa injini, lori, barabara, na mtu kwenye kizuizi anayeangalia upande mwingine lori likipita. Kwa hivyo wakati ule tukiambiwa "wananchi wanamaliza msitu", ilikuwa nusu ya ukweli. Kisha 2001 serikali ikatangaza kukata karibu hekta 67,000 za misitu ya umma nchini, sehemu kubwa zaidi ikiwa Mau, ati ni kwa ajili ya wasio na ardhi. Fujo ikawa kubwa, kesi zikaenda kortini. Umeona mtindo? Jina la maskini liko mbele kila wakati.

14/ Kutoka hapo mambo yakaanza kubadilika. Mwaka 2000 msitu wa Mlima Kenya ukawekwa chini ya KWS kama hifadhi ya taifa. Sheria ya Misitu ya 2005 ikaleta vyama vya jamii vya misitu: watu wa kijijini wanajiandikisha, wanakubaliana na Huduma ya Misitu (KFS) kuhusu kuni, nyasi, asali na kulima kati ya miche, na wao pia wanalinda. Sheria ya 2016 ikaendeleza hayo. Si vyama vyote vinafanya kazi, vingine vina wenyewe. Lakini kwa mara ya kwanza tangu 1902 sheria ilikubali kwamba mtu wa chini ya mlima ni mshirika, si mwizi anayesubiri kushikwa.

15/ Kisha kuna fensi ya stima ya Nyandarua. Ilianza 1989, na shirika la Rhino Ark ndilo lilichangisha sehemu kubwa ya pesa kupitia yale mashindano ya magari ya Rhino Charge. Kusudi la kwanza lilikuwa kuokoa vifaru. Wakulima wa kando ya msitu walipoona jirani aliyefikiwa na fensi analala usiku bila kupiga debe kufukuza ndovu, wao wenyewe wakaanza kuitaka. Ikakamilika 2009, kama kilomita 400 hivi kuzunguka mlima wote. Hapo uhifadhi ulipata kura bila kampeni, kwa sababu ulimpa mkulima kitu alichokihitaji: kuvuna alichopanda.

16/ Fensi pia ina bei yake. Ndovu wana njia zao za zamani kati ya Mlima Kenya na nyanda za Laikipia na Samburu, na ukizunguka mlima na waya unazikata. Ndiyo maana upande wa kaskazini likajengwa pito la ndovu chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru. Magari yanapita juu, ndovu wanapita chini wakielekea Ngare Ndare na Lewa. Lilifunguliwa 2011 na ndovu wakaanza kulitumia. Mwaka 2013 UNESCO ikapanua eneo la urithi wa dunia la Mlima Kenya, lililoandikishwa 1997, likajumuisha Lewa na Ngare Ndare. Kwa hivyo anayekuambia barabara na mnyama haviwezi kukaa pamoja, mpeleke pale akaone.

17/ Sasa ile inayochoma: barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru, kama kilomita 52, ya kuunganisha Nyeri na Nyandarua kwa kukatiza mlima. Sehemu yake inapita ndani ya mbuga. Imezungumzwa miaka na miaka, 2024 ikawaka upya na ikafika mahakamani. Wanaoitaka wanasema: mkulima wa viazi na kabichi wa Kinangop anazunguka mlima mzima kufika soko la Nyeri, na watalii watapita kwa urahisi. Wanaoipinga wanasema: utapasua msitu wa mianzi na nyanda za juu kabisa, pale mito inapoanzia.

18/ Msimamo wangu? Mkulima wa Kinangop si mjinga na shida yake si ya kubuni. Viazi vinaoza. Lakini historia ya miaka ya 1990 inatuambia kwamba lori likipata njia msituni, linabeba zaidi ya viazi. Na kuna maswali mawili sijaona yakijibiwa jukwaani. La kwanza: pesa hizo hizo zikitengeneza vizuri barabara za kuzunguka, mkulima atapoteza saa ngapi? La pili: usiku, barabara ya juu ya mlima italindwa na nani, kwa bajeti gani, mwaka wa kumi baada ya utepe kukatwa? Mpaka nisikie majibu, mimi niko upande wa kuzunguka.

19/ Twende kileleni kidogo. Wapanda mlima wa mwanzo walihesabu barafu 18 za kudumu Mlima Kenya. Nyingi zimeshapotea. Barafu ya Lewis, iliyopimwa zaidi ya zote, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Hili si kosa la mtalii aliyepanda kwa njia ya Sirimon, wala la kampuni ya Chogoria. Ni joto la dunia nzima. Lakini lina maana kwa mjadala wetu: maji ya mito hayatoki kwenye barafu hasa, yanatoka kwenye msitu na majani ya nyanda za juu yanayoshika mvua na ukungu. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa sheria ya Nairobi. Msitu tunaweza kuulinda.

20/ Fuata maji hayo hadi chini. Ewaso Nyiro inashuka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, inapita Laikipia kwenye mashamba ya maua, mboga, ng'ombe na hoteli, kisha inaingia Samburu na Isiolo. Kila mtu wa juu anavuta kidogo. Kiangazi, mtu wa Archer's Post anakuta mchanga. Na mvua kubwa ikinyesha juu, maji yanashuka kwa hasira: Machi 2010 mafuriko yalibeba kambi za watalii za Samburu, hema, magari na kila kitu. Kwa hivyo "utalii dhidi ya mazingira" ni jina baya la mjadala huu. Utalii wa chini uliuawa na maji ya juu. Mara nyingi vita ni kati ya biashara ya huyu na maji ya yule.

21/ Tuongee moto. Mwaka 2012 na tena 2019 nyanda za juu za Mlima Kenya ziliwaka kwa siku nyingi. Helikopta zinasaidia, lakini moto wa majani makavu kwenye mita 3,500 unazimwa na watu wenye matawi na majembe: askari wa wanyamapori, maskauti wa jamii, wanavijiji, waongozaji wa wageni. Kijiji ambacho hakipati chochote kutoka mlimani kitapanda kuzima moto kwa sababu gani? Wengine watapanda kwa mapenzi tu, na tunawashukuru. Lakini usijenge mpango wa taifa juu ya mapenzi ya watu wenye njaa.

22/ Wapagazi na waongozaji ndio watu wa utalii wa mlima ambao jukwaani hawatajwi kamwe. Mwanasiasa akisema "ajira elfu kadhaa", anawaza hoteli. Mpagazi wa Naro Moru anabeba chakula na hema la mgeni hadi juu, analala baridini, anashuka, anasubiri mgeni mwingine ambaye huenda asije hadi msimu ujao. Majirani wetu walikutana na hili wazi wazi. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania iliposema inafikiria gari la kebo Kilimanjaro, wapagazi ndio walikuwa wa kwanza kulia: mgeni akipanda na kuteremka siku moja, nani atakula? Kumbe mradi wa utalii unaweza kuua kazi za utalii.

23/ Kuna upande mwingine wa shilingi. Wapo wanaotumia neno mazingira kufukuza watu. Waogiek wa Mau walipelekea serikali yetu kesi katika Mahakama ya Afrika huko Arusha, na Mei 2017 wakashinda. Mahakama ilisema kufukuzwa kwao hakuwezi kuhalalishwa kwa kisingizio cha kuhifadhi msitu, kwani si wao walioumaliza. Kwa hivyo ukisikia "tuwatoe watu tuokoe msitu", uliza ni watu gani. Mara nyingi anayetolewa ni yule aliyekuwa akitundika mizinga, na mwenye hati kubwa na msumeno hata haguswi.

24/ Sheria tunazo, tusijifanye hatuna. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Cha 69 kinaitaka serikali ifikishe miti asilimia 10 ya ardhi ya nchi, ishirikishe umma, na igawe faida ya maliasili kwa haki. Cha 70 kinakuruhusu wewe, mwananchi wa kawaida, kwenda kortini kuzuia uharibifu bila hata kuonyesha kwamba umeumia binafsi. Tangu Sheria ya Mazingira ya 1999, mradi mkubwa lazima ufanyiwe tathmini ya athari, na NEMA lazima ipokee maoni ya umma. Shida ni kwamba mkutano wa maoni unaitishwa Jumanne saa tatu asubuhi, wewe uko shambani, na waliopanda basi la kuletwa wanapiga makofi.

25/ Ukiniuliza historia yote hii inasema nini, nitasema hivi. Mlima umefungwa na kufunguliwa mara nyingi: na mkoloni kwa ajili ya mbao, na jeshi kwa ajili ya vita, na wenye misumeno kwa ajili ya pesa, na wenye loji kwa ajili ya wageni. Kila mara walioamua hawakuwa wale wanaoishi chini yake au kunywa maji yake. Palipofaulu, kama kwenye fensi, pito la ndovu na vyama vya misitu vinavyofanya kazi, mtu wa chini alipata kitu cha kushika mkononi, na mradi ulikuwa na mtu wa kuutunza baada ya sherehe.

26/ Kwa hivyo mgombea akija kwako na hadithi ya "kufungua mlima", au ya "kuufunga", usimshangilie wala kumzomea kabla hajajibu haya:
– Mradi uko wapi hasa: ndani ya mbuga, ndani ya msitu wa serikali, au nje kabisa ya fensi?
– Unatumia maji ya mto gani, na nani anakunywa chini?
– Kijiji kinapata asilimia gani ya mapato, na imeandikwa wapi?
– Wapagazi na waongozaji wa sasa watapata au watapoteza?
– Tathmini ya athari imefanywa, naweza kuisoma leo?
– Nani analipia ulinzi na usafi mwaka wa kumi?

27/ Utaona wengi wataruka swali la maji na la mwaka wa kumi. Hayo ndiyo maswali magumu. Hoteli nje ya fensi, Nanyuki, Chogoria, Naro Moru, Kerugoya au Nyeri mjini, inaweza kuajiri watu na kulipa ushuru wa kaunti bila kukata mti mmoja wa asili. Wageni walale mjini, wale viazi vya Kinangop na samaki wa Kirinyaga, wapande na waongozaji wa kijijini, na takataka zao zishuke nao. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa kwenye mbuga na misitu yetu, kwa hivyo hata hilo lina sheria. Utalii unaweza kukua sana hapo chini huku msitu ukibaki juu ukifanya kazi yake ya kushika mvua.

28/ Ya mwisho. Tarehe ya mkutano wa maoni kuhusu mradi wa msitu wa kwenu hutangazwa kwenye magazeti na ofisi za kaunti. Mtume mtu mmoja wa kijiji asiyeogopa kuongea, mchangieni nauli, aende na hayo maswali sita kwenye karatasi, na ahakikishe majibu yameandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Karatasi hiyo ndiyo korti itasoma siku mambo yakiharibika. Video ya mwanasiasa akishangiliwa haitakusaidia kitu mbele ya hakimu.